Mnyama yuko wapi kwenye hii foto?

Huku Lubumbashi chui tunamuona kila siku na bado hatumuoni. Yuko kwenye bulangeti za manyoya zinazouzwa soko ya Kenya, hapa hapa mjini, yuko kwenye jina la timu ya taifa, yuko kwenye kile kitambaa cha madoa ambacho studio nyingi za foto zinafunikia kiti cha bwana harusi, na yuko kwenye kofia ya Mobutu ambayo ata mtoto aliyezaliwa baada ya 1997 anaijua. Chui mwenyewe, mwenye damu na makucha, wengi wetu hatujawahi kukutana naye ata mara moja. Yaani mnyama amegeuka foto, foto imezaa tamaa, halafu ile tamaa inarudi porini kumtafuta mnyama aliyebaki. Kama unataka kuelewa foto za sanaa zinazohusu wanyama kwenye fashion na urembo, anzia kwenye huo mzunguko.

Kinachochanganya watu ni kwamba wapiga foto wameingia kwenye hii habari kwa milango tofauti kabisa. Kuna anayempiga chifu na ngozi yake kama heshima ya ukoo, kuna anayemsimamisha modo wa Paris katikati ya tembo, kuna anayeingia kwenye mashamba ya manyoya kupiga wanyama waliofungwa kwenye vizimba, na kuna anayejivika ngozi mwenyewe ili atuulize maswali. Zote zinatundikwa ukuta moja zinaitwa foto za wanyama na mitindo, basi mtu anatoka pale anasema ooh, haya mambo ni ya wazungu wanaopenda mbwa, mwingine anasema ooh, wapiga foto wote ni wachuuzi wa ngozi. Mimi nikiwa mbele ya foto ya namna hii naulizaga swali moja tu, mnyama yuko wapi? Yuko pembeni ya mtu, yuko juu ya mwili wake, ao yuko ndani ya kitu mtu alichojipaka na huwezi kumuona kabisa? Jibu likibadilika, foto nayo inabadilika.

Tuanze na aliye pembeni, sababu huko njo kuna foto maarufu kuliko zote. Agosti 1955, Paris, ndani ya sarakasi inayoitwa Cirque d'Hiver, mpiga foto Mmarekani Richard Avedon anampiga modo Dovima akiwa na tembo. Gauni ni la nyumba ya mitindo ya Dior, jeusi, na mkanda mrefu mweupe unaoshuka mpaka chini, na aliyelichora ni kijana wa miaka 19 jina lake Yves Saint Laurent. Dovima amenyoosha mkono mmoja kwa tembo wa huku na mwingine kwa wa kule, shingo imegeuka, macho yamefungwa kama mtu anayesikiliza muziki. Ni foto nzuri sana, siwezi kusema vingine. Lakini angalia uzuri wake unafanya kazi namna gani: ngozi ya tembo yenye mikunjo na vumbi inafanya ngozi ya modo ionekane laini zaidi, unene wao unafanya kiuno chake kionekane chembamba zaidi, yaani tembo pale ni kitambaa cha nyuma, sawa na pazia ya studio. Halafu shusha macho mpaka miguuni. Kuna mnyororo. Hakuna aliyeuficha, na mimi naamini haukufichwa kwa sababu mwaka 1955 hakuna aliyefikiri msomaji wa jarida la mitindo ataangalia mguu wa tembo wakati kuna gauni la Dior. Mwaka 2010 nakala moja kubwa ya hiyo foto iliuzwa mnada wa Christie's, Paris, kwa euro 841,000, na mnyororo wake ndani.

Miaka 26 baadaye Avedon huyo huyo alimpiga mwigizaji Nastassja Kinski amelala uchi chini, nyoka mkubwa amemzunguka mwili mzima, ulimi wa nyoka karibu na sikio. Ni 1981. Hiyo foto ilikuwa posta, yaani bango la ukutani, kwenye vyumba vya watu dunia nzima na kila mtu anaongelea nyoka, lakini mkononi mwake kuna bangili, na ile bangili ni ya pembe ya tembo. Wanyama wako wawili kwenye ile foto, mmoja anaonekana mmoja tumemsahau, na aliyesahauliwa njo aliyekufa. Miaka ile ile tembo wa Zaire walikuwa wanamalizwa kwa risasi, biashara ya pembe za ndovu kimataifa haikufungwa mpaka uamuzi wa 1989. Sisemi Avedon alijua bangili ilitoka wapi. Nasema foto ikiwa nzuri sana inaweza kumficha mnyama mbele ya macho yako, bila kumfunika na kitu chochote.

Ngozi ya chifu na koti ya Paris

Sasa twende kwa mnyama aliye juu ya mwili, na hapa nitakaa, sababu inatuhusu sisi moja kwa moja.

Tangu mkoloni alipoleta kamera huku, mtu aliyevaa ngozi ya mnyama alipigwa foto kama mfano wa watu wa zamani. Miaka ya 1920 na 1930 Casimir Zagourski, aliyekuwa na studio Léopoldville, Kinshasa ya leo, aliuza kadi za posta nyingi za machifu, wachezaji wa ngoma na wanawake wenye vichwa vilivyosukwa, na mkusanyo wake aliuita, kwa Kifaransa, Afrika inayotoweka. Wazungu walizinunua wakatumia ndugu zao Ulaya. Na kule Ulaya, wakati huo huo, bibi tajiri akitoka kwenda opera alikuwa amevaa nini? Manyoya ya mnyama. Ngozi ile ile ya chui, kwa chifu iliitwa ushenzi, kwa bibi iliitwa umaridadi. Kilichotofautisha ni mwanga wa studio na maneno yaliyoandikwa chini ya foto.

Na kuna tofauti nyingine ambayo foto haionyeshi. Kwa Waluba, kwa Walunda, ngozi ya chui haivaliwi na mtu yeyote, ni ya mwenye utawala. Kwa Warega kule upande wa Kivu, mkufu wa meno ya chui ni wa mtu aliyefika ngazi ya juu kabisa ya bwami, chama chao cha jadi chenye ngazi, na kufika pale ni safari ya maisha. Hicho kitu hakinunuliwi dukani, kinarithiwa, kinakaa, kinapita mkono kwa mkono. Mila yenyewe iliweka kizuizi. Koti ya manyoya ya Paris ao New York haina kizuizi hicho, moja tu inakula ngozi kadhaa za chui, na msimu ukiisha inatafutwa nyingine. Mwaka 1962 Jackie Kennedy, mke wa rais wa Marekani, alivaa koti ya chui iliyotengenezwa na Oleg Cassini, foto zikazunguka, na wanawake wengi wakataka ya kwao, mpaka Cassini mwenyewe baadaye alijutia ile kazi. Oktoba 1966 jarida la Vogue likatoa kurasa 26 za manyoya zilizopigwa na Avedon kule Japani, modo Veruschka anatembea kwenye theluji amefunikwa manyoya kama malkia wa hadithi. Unaona vile kamera inafanya? Chifu mmoja na ngozi moja haleti soko. Foto moja kwenye jarida inaleta.

CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliandikwa Washington Machi 1973, ukaanza kufanya kazi 1975, Zaire ikaingia 1976, na chui akawekwa kwenye orodha ya kwanza, ile inayokataza biashara ya kimataifa. Kongo pia iko na sheria ya kuhifadhi asili ya Februari 11, 2014. Kasuku wa kijivu, yule ambaye manyoya yake mekundu ya mkia yanapamba kofia na vichwa vya ngoma, alipandishwa kwenye orodha hiyo hiyo kwa uamuzi wa 2016, kakakuona naye pia.

Ila tusijidanganye kwamba huku kwetu ngozi bado iko kwa machifu peke yao. Siku izi mwanasiasa anatafuta ngozi ya kampeni, mwanamuziki anatafuta ya klipu, bwana harusi anataka kukaa kama mfalme siku ya mahari, na kila mmoja anasema ni mila. Hapana, ndugu zangu. Mila ilisema ni mtu fulani tu anayevaa. Kila mtu akivaa, hiyo ni fashion imevaa jina la mila, na chui anayekufa kwa ajili ya klipu amekufa kwa sababu ile ile ya chui wa koti ya 1962.

Kuna msanii aliyeisema hii bila kuhubiri. Samuel Fosso, aliyezaliwa Kameruni na kufungua studio Bangui akiwa bado kijana mdogo, mwaka 1997 alipewa kazi na duka la Tati la Paris, duka la bei rahisi, akajipiga foto mwenyewe akiwa chifu. Amekaa kwenye kiti kilichofunikwa madoa ya chui, mwilini madoa ya chui, shingoni dhahabu juu ya dhahabu, miwani, viatu vyekundu, na mkononi badala ya fimbo ya utawala ameshika maua ya alizeti. Jina la ile foto linasema huyu ni chifu aliyeuza Afrika kwa wakoloni. Wakongomani tukiiona kuna sura nyingine inatujia kichwani haraka sana, yenye kofia na fimbo. Ukiiangalia vizuri, yale madoa yameacha kuwa ngozi ya mnyama, yamekuwa alama ya mamlaka ambayo unaweza kuipata kwenye duka la bei rahisi, na huwezi kujua kwa macho tu kipi ni ngozi na kipi ni kitambaa.

Nandipha Mntambo wa Eswatini na Afrika Kusini anafanya kinyume, kwake ngozi ni ngozi kabisa. Anachukua ngozi ya ng'ombe, anaitengeneza kwa mikono yake, anaivuta juu ya umbo la mwili ikiwa bado na unyevu mpaka ikauke na kubaki na umbo la mwanamke ambaye hayupo. Kwenye foto yake ya 2008 inayoitwa Europa amejigeuza nusu mtu nusu fahali, nywele za mnyama usoni, anakuangalia wewe. Ng'ombe tunamla, viatu vyetu ni yeye, mkanda ni yeye, na hatushtuki. Lakini ukiona nywele zake zimeota kwenye uso wa mwanamke, mwili unashtuka wenyewe, na hapo unaanza kujiuliza kwa nini kiatu hakikukushtua.

Na kwa wale wanaofikiri kujivika ngozi ni mambo ya Afrika, Mfaransa Charles Fréger alizunguka Ulaya akipiga watu wa vijijini kwenye sherehe zao za majira ya baridi, wamejifunika ngozi za mbuzi na kondoo, pembe, kengele, mpaka hauoni mtu ndani. Hizo foto mimi ningependa zitundikwe karibu na kadi za Zagourski. Hapo mtu ataelewa.

Mnyama asiyeonekana

Hapa njo kamera inapata shida kubwa. Utapigaje foto ya mnyama aliye ndani ya rangi ya mdomo?

Ingia saluni yoyote hapa mjini, chukua boksi ya kope za kubandika, mara nyingi utaona imeandikwa minki. Minki ni mnyama mdogo kama kicheche, anafugwa kwenye vizimba vya waya kwa ajili ya manyoya. Boksi zingine ni plastiki tupu na jina la minki liko pale kupandisha bei, zingine ni manyoya kweli, na dada anayekubandika mara nyingi hana njia ya kujua, wala wewe. Geuza sasa rangi nyekundu ya mdomo usome maandishi madogo nyuma. Ukikuta CI 75470 ao karmini, ile nyekundu imetoka kwa mdudu mdogo anayekaa kwenye mimea ya kaktasi, wengi wanatoka Peru, wanakaushwa na kusagwa, na inahesabiwa karibu wadudu 70,000 kwa nusu kilo ya rangi. Lanolini ni mafuta ya sufu ya kondoo. Sabuni nyingi zina mafuta ya ng'ombe. Brashi laini za makiyaji, kuna za nywele za mbuzi na za kindi. Hariri, wadudu wanachemshwa ndani ya vifuko vyao. Yote hayo yako usoni na mwilini mwa bibi harusi wetu siku anayopigwa foto na hakuna kamera itakayoyaonyesha.

Na bado kuna sungura. Kuanzia 1944 njia iliyoitwa jina la John Draize ilitumika kupima vipodozi: dawa inatiwa kwenye jicho la sungura halafu watu wanaandika jicho limeharibika kiasi gani. Miaka na miaka ilikuwa ndani ya maabara, hakuna aliyeona. Aprili 1980 mwanaharakati Henry Spira akalipia ukurasa mzima kwenye New York Times, foto ya sungura mweupe aliyezibwa macho na swali moja kwa kampuni ya Revlon, ni sungura wangapi mnawapofusha kwa ajili ya urembo. Haikuwa foto ya sanaa, ilikuwa tangazo la kawaida tu, lakini kampuni ilitoa dola 750,000 kwa utafiti wa njia zingine, kampuni zingine zikafuata, na miaka mingi baadaye, Machi 11, 2013, Umoja wa Ulaya ukafunga kabisa uuzaji wa vipodozi vipya vilivyopimwa kwa wanyama. Ile foto ilifanikiwa kwa sababu ilirudisha mnyama mahali alipokuwa ametolewa. Chupa ya shampuu haina uso. Sungura ana uso.

Foto inayolaumu, inamlaumu nani?

Mwaka 1984 mpiga foto wa mitindo David Bailey, mtu aliyetengeneza jina kwa kupiga mamodo, alitengeneza posta kwa Greenpeace, shirika la kutetea mazingira: miguu ya mwanamke kwenye viatu virefu, anaburuta koti ya manyoya, na nyuma ya koti kuna mstari mrefu wa damu sakafuni. Maneno yalisema koti moja inataka mpaka wanyama wajinga 40 kuitengeneza, lakini mjinga mmoja tu kuivaa. Posta ilipiga sana, biashara ya manyoya Uingereza ikaumia. Lakini angalia, mwanamke hana kichwa. Ni miguu tu. Mwanaume mwenye kiwanda hayuko, mwenye shamba hayuko, jarida lililouza ile koti kwa miaka halipo, na mpiga foto aliyeipamba hayupo, amebaki mwanamke mjinga. Mimi hiyo siikubali, ata kama lengo lilikuwa zuri. PETA, shirika la kutetea wanyama, nao walikuja na foto za watu maarufu waliovua nguo kusema bora uchi kuliko manyoya, Naomi Campbell alikuwemo mwaka 1994, halafu 1997 akapanda jukwaani amevaa manyoya. Ile kampeni ilifungwa 2020. Ilileta macho mengi, ni kweli, ila macho yalikuwa kwenye mwili wa modo na mnyama hakuwemo kwenye foto ata kidogo.

Anayenishawishi mimi ni Jo-Anne McArthur, Mkanada, aliyeanzisha kazi inayoitwa We Animals na mwaka 2020 kutoa kitabu pamoja na wapiga foto wengine kinachoitwa Hidden. Ameingia kwenye mashamba ya minki na mbweha Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Anapiga kwa urefu wa macho ya mnyama, waya za kizimba zinakuwa karibu na lenzi, na mara nyingi mnyama anaangalia kamera. Hakuna damu nyingi. Kuna kuchoka. Na hizi foto siku moja zilikutana na habari kubwa: Novemba 2020 Denmark iliamua kuua minki wake wote kwa sababu ya Covid, mamilioni kama 15 mpaka 17, na dunia ikaona mahandaki yamejaa miili ya wale wanyama. Wengi walishangaa, hawakujua kama wako wengi vile. Aliyeangalia kazi ya McArthur hakushangaa.

Makampuni nayo yamesogea, Gucci walitangaza 2017 kuachana na manyoya, Chanel mwisho wa 2018 wakaacha ngozi za mamba, nyoka na mijusi. Wapenda sape wa huku, yaani wapenda kuvaa kimaridadi, najua kiatu cha mamba kiko na heshima yake, na ata kwenye nembo ya TP Mazembe mamba yuko na mpira mdomoni, lakini ile heshima siku izi ata Paris wanaijadili.

Na sisi wenye kamera huku?

Mji huu uko na sababu ya kuongea. Picha, kikundi kilichoanzisha biennale ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, mwaka 2008, kilizaliwa hapa, na msanii wa foto Sammy Baloji ametufundisha njia moja: anachukua watu kutoka foto za zamani za mkoloni anawaweka juu ya foto za leo za mabaki ya Gécamines, kampuni ya migodi, jana na leo kwenye fremu moja. Amefanya kazi pia na albamu ya uwindaji ya afisa mmoja Mbelgiji, yale mafoto ya mzungu na bunduki na mnyama aliyelala. Hiyo njia inafaa sana kwa ngozi. Weka chifu wa kadi ya posta, koti ya Vogue na bwana harusi wa leo pamoja, hauhitaji kutukana mtu.

Kuhusu ngozi za bandia, jirani zetu wameshaanza. Afrika Kusini, waumini wa kanisa la Shembe walikuwa wanavaa vazi la ngozi ya chui kwenye ibada, maelfu ya watu, shirika la Panthera likatengeneza kitambaa kinachofanana kabisa na ngozi na kugawa zaidi ya 18,000. Zambia, hapo ng'ambo ya Kasumbalesa, Walozi nao wamepokea ngozi za namna hiyo kwa sherehe ya Kuomboka, na utawala wao wa jadi ulikubali. Heshima haikupungua. Kuna watu wanapinga, wanasema bandia inaendeleza tamaa ya madoa, na kwenye foto hakuna atakayejua kama ni kitambaa ao ngozi. Hoja yao iko na uzito, kwa sababu foto inasafiri na maelezo yanabaki nyuma. Ila mimi naona dawa yake iko mikononi mwetu wapiga foto. Chifu akija na ngozi aliyorithi, andika chini ya foto ni ya nani na ilitoka wapi. Bwana harusi akija na kitambaa, andika ni kitambaa. Akija na ngozi mpya ambayo bado inanuka, mwambie foto hiyo haupigi.